Majani Yenye Tumbo la Zambarau

Galbet, Garissa
20 Machi 1966

Kulow,

Maalim anasema barua ya heshima huanza kwa salamu tatu, kisha mtu aulizwe hali yake na ya watu wa nyumbani kwake. Nakusalimu mara tatu. Watu wa nyumbani kwako ni mimi, na mimi ni mzima. Hapo tumemaliza heshima.

Ningesema nawe vizuri zaidi kwa Kisomali, lakini Kisomali hatuna namna ya kukiandika. Barua za Kiarabu nazo hukaa posta mwezi mzima zikingoja mtu wa kuzisoma, maana tangu vita hivi vikolee barua zote zinafunguliwa. Basi ni hiki Kiswahili ulichonifundisha kwa kijiti, kwenye udongo chini ya mwarobaini. Ukiona makosa, jilaumu mwenyewe, mwalimu.

Bustani yako naimwagilia kama nilivyoahidi. Wallahi naona haya. Binti wa mtu mwenye ngamia nimeolewa na dresa wa hospitali, sawa, lakini hakuna aliyeniambia kwamba dresa huyo anafuga majani. Hayaliwi, hayakamuliwi, na hata mbuzi wa jirani yetu Nafiso huyanusa wakaenda zao. Jana Nafiso mwenyewe alinikuta nimeinama na kopo la maji, akaniuliza, "Abbaayo, dada yangu, haya yatazaa lini?" Nikaendelea kumwaga maji.

Ila nina habari njema. Zile hig ulizozipanga kando ya ukuta, zilizosimama kama panga, zilikuwa zimefika kiunoni, nene kuliko za porini. Nimezikata zote. Nimezipondaponda, nikazianika, na nyuzi zake ni nyeupe safi. Kamba yake itatosha kufunga nyumba nzima juu ya ngamia. Nilijua utafurahi.

Kafyu huanza jua likizama na malori ya askari hupita, lakini huku Galbet hatujaguswa. Huo uhamisho waliokupa ni wa miezi mingapi? Uliondoka haraka hata sikupata kukuuliza.

Shamis


Nyeri
6 Aprili 1966

Shamis wangu,

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama mlangoni mwa wodi. Nilipofika kwenye hig ilibidi nikae.

Mke wangu, hig zile hazikuwa za kamba. Najua kwa mama yako hig ni kamba na mikeka ya kuezekea, na hakuna mwanamke wa kwenu anayeweza kuiona imesimama akaiacha hivi hivi. Mimi nilizipanda zisimame tu. Nilitaka ukitoka chumbani asubuhi ukutane na kitu cha kijani. Sasa sikiliza. Kama kuna majani hujayaponda, yakate vipande vya urefu wa kiganja, uvichomeke kwenye mchanga pale pale kivulini, halafu uvisahau. Vitatoa mizizi. Na vile visiki usiving'oe. Mmea wa aina ile ukikatwa juu, chini bado upo.

Mtambazi, ule wenye mistari ya fedha unaofunika ardhi yote kutoka shinani mwa mwarobaini mpaka mlangoni, hautaki maji mengi. Unataka kivuli na kuachwa utambae. Nanaa ndiyo yenye kiu, na ndiyo maana jiwe la kutawadhia nililiweka upande wake wa juu, ili maji ya udhu yateremke huko. Na kile kitunguu cha porini karibu na kizingiti, tafadhali, usichimbe pale. Kimelala ardhini. Mvua ikija kitatoka chenyewe na kichwa chekundu. Unajua nilikipanda lini. Ni wiki ile tuliyorudi nyumbani kutoka hospitali mikono mitupu kwa mara ya pili. Wa kwanza lilitunyang'anya lori la Wajir kwa mitikisiko yake, na wa pili madebe ya maji uliyobeba kutoka mtoni mimi nikiwa kazini. Sikuwa na la kusema wiki ile, ndipo nikashika jembe.

Huku ni baridi. Majani yanaota hata juu ya mapaa bila kuombwa na mtu. Watu si wabaya. Kazi ni nyingi mno, kwa hiyo habari ya likizo tusiitaje kwanza.

Wako,
Kulow


Galbet
2 Mei 1966

Kulow,

Nimecheka mpaka Nafiso akachungulia juu ya uzio. Basi nilikukata moyo pamoja na hig zako! Nilibakiza majani machache, nimeyachomeka kwenye mchanga, na nimeyasahau kama ulivyoamuru, ingawa kila asubuhi nakwenda kuangalia kama nimeyasahau vizuri.

Maji ya udhu yalipungua, maana mtu mmoja anayeswali peke yake hawezi kuinywesha nanaa. Nikafanya hila. Nimewaambia wanawake wa huku waje waswali Alasiri chini ya mwarobaini wetu, kuna kivuli na upepo. Sasa wanakuja kila siku na kutawadha kwenye jiwe lako, na nanaa imenona kama ndama wa msimu wa mvua. Wao wanadhani nimekuwa mcha Mungu. Amino mkunga naye anakuja, na yeye hubaki baada ya wengine kuondoka, tunakunywa chai.

Kitunguu kimetoka. Sikuamini. Mvua ilinyesha mara mbili tu, kisha asubuhi moja nikakiona kimechomoza, shina tupu bila jani, na juu yake ua jekundu la mviringo, kubwa kama ngumi zangu mbili. Niliketi mbele yake muda mrefu. Kulow, siku zile nilidhani ulishika jembe kwa sababu huna uchungu. Nilikuwekea kinyongo kwa hilo na sikukwambia.

Siku hizi nakaa sana chini ya mti. Jua ni kali. Lini utakuja?

Shamis


Nyeri
30 Mei 1966

Shamis wangu,

Ua jekundu nimeliona kwenye barua yako kama nililishika. Ahsante.

Sasa tuache majani. Huku tunasikia habari za barabarani, na tunasikia kwamba watu wanahamishwa na kuwekwa penye ulinzi wa askari, mifugo ikichukuliwa. Kila redio ikitaja Garissa nashindwa kula. Nimepata chumba kwa mzee mmoja mpole, kina dirisha na mlango unaofungika. Nataka uje. Malori yanatoka hapo kwenda Thika yakiwa na askari mbele na nyuma. Nenda kwa karani wa hospitali, anakujua, atakuombea kibali. Funga nguo zako, ufunguo mpe Nafiso.

Bustani iache. Nimekwisha kusema mmea wa kivulini haufi upesi. Na hata ukifa, nitapanda mwingine.

Nangoja jibu la siku utakayotoka.

Kulow


Galbet
25 Juni 1966

Kulow,

Siwezi kuja kwa sasa. Bustani hainiruhusu.

Usikasirike, sikiliza kwanza habari zake. Hig ulizodhani nimeziua zimetoa vichipukizi kwenye visiki, na kila kipande nilichochomeka kimesimama. Mtambazi umefika kizingitini na unataka kuingia ndani kama mgeni asiyeona haya. Hukuniambia kwamba majani yake yana tumbo la zambarau. Juu ni fedha na kijani, lakini chini ni zambarau iliyokolea, na jua likipenya kati ya matawi linawaka kama nguo ya bibi harusi. Chini ya nanaa anaishi chura mdogo. Koo lake ni jeupe na linapiga haraka haraka, hasa akisikia hatua za Amino. Kuna njia ya sisimizi inayopita kati ya shina na shina, na wenyewe huipisha mizigo mikubwa kwa adabu kuliko madereva wa hapa. Saa siku hizi nazijua kwa mwarobaini. Jua likifika kwenye tawi lililovunjika, Amino yuko njiani. Likishuka kwenye lile lenye kiota, ni Alasiri.

Zile nyuzi za hig sikuzifanya kamba. Nimeanza kusuka mkeka, mdogo tu, kwa kuwa mikono haipendi kukaa bure.

Humu ndani ya bahasha nimekutilia kipande cha mtambazi. Kitafika kimekauka labda. Kiweke majini.

Na wewe kwa nini huji? Kila barua ni kazi nyingi. Hospitali nzima ya Nyeri haina dresa mwingine?

Shamis


Nyeri
18 Julai 1966

Shamis,

Nimeisoma barua yako mara nyingi nikitafuta sababu, na kila mara nakuta chura.

Mwanamke wa kwenu huvunja nyumba, akaifunga juu ya ngamia na kuondoka kabla jua halijawa kali. Mama yako amehama mara nyingi kuliko nilivyobadilisha shati. Wewe mwenyewe ulinicheka miaka mitatu kwamba ninafuga visivyo na maziwa. Leo mumeo anakuambia toka kwenye vita, nawe unaniambia una mtambazi wa kutunza? Tangu lini ukaota mizizi?

Kama hutaki kuishi nami kwenye baridi, sema. Kama ndugu zako wamekwambia mwanamume aliyehamishwa na serikali si wa kufuatwa, sema hilo pia. Nitaumia lakini nitaelewa. Usinijibu kwa majani.

Na mkeka mdogo wa nini? Hata kuswalia hautoshi.

Kulow


Galbet
14 Agosti 1966

Kulow,

Barua yako ilinichoma. Nilitaka kutojibu kabisa. Lakini kuna jambo limetokea, na ni haki yako kulijua.

Walikuja askari wawili na mkubwa wao, mchana, nikiwa nimejilaza kwenye mkeka chini ya mti. Mkubwa alikuwa na karatasi mkononi. Kumbe alikuwa amenakili maneno yako ya Aprili, akanisomea: usichimbe pale, kimelala ardhini, mvua ikija kitatoka chenyewe na kichwa chekundu. Akaniuliza ni bunduki ngapi.

Nikamwambia ni kitunguu. Askari mmoja akasema, "Amka, mama, toka hapo." Nikamwambia siamki. Akasema tena kwa sauti kubwa. Nikamwambia chimbeni mnapotaka, hata ukutani, lakini mimi siinuki hapa nilipo. Akasogea kunishika mkono. Ndipo Amino akatoka jikoni na birika. Unamjua Amino na Kiswahili chake. "Wewe! Bumbafu! Wewe hakuna mama? Hii hapana amka!" Akasimama kati yangu na yule askari, chai inamwagika. Kisha akamvuta mkubwa pembeni akamwambia neno sikioni.

Yule mkubwa akavua kofia. Akawaamuru vijana wake wasimame nje ya uzio. Akapiga magoti mwenyewe karibu na kizingiti akachimba kwa mikono, polepole, mpaka akakitoa kitunguu chako. Akakigeuza geuza. "Ni hiki tu?" Nikamwambia ni hicho tu. Akasema, "Mama, mumeo anaandika kama mtu anayeficha silaha." Nikamjibu, "Anaficha kitunguu." Akacheka kidogo, akakirudisha shimoni, akakifunika. Nadhani amekipanda kichwa chini, lakini sikutaka kumwaibisha.

Mtambazi waliukanyaga kwa buti. Nauona kutoka hapa, umelala lakini unajiinua ncha kwa ncha.

Kuhusu maswali yako. Baridi siiogopi, na ndugu zangu hawakuniambia lolote. Nakutaka sana mpaka nakasirika. Niamini bila sababu kwa muda mfupi tu.

Shamis


Nyeri
9 Septemba 1966

Shamis wangu, Shamis wangu,

Nisamehe. Mimi ni mpumbavu mwenye cheti cha serikali.

Nilipofika mahali yule mkubwa anavua kofia, nikasimama. Nikajiuliza ni neno gani mkunga anaweza kumnong'oneza askari akavua kofia na kupiga magoti. Nikazitoa barua zako zote nikazipanga kitandani. Tumbo la zambarau la mtambazi. Mtu anayesimama haoni tumbo lile, anaona mistari ya fedha tu. Mimi niliyeupanda hulijua kwa sababu huinua majani nikiyapogoa. Koo la chura. Mizigo ya sisimizi. Jua kwenye tawi lililovunjika, halafu kwenye tawi lenye kiota. Yote uliyoniandikia tangu Juni ameyaona mtu aliyelala chali au ubavu, kutwa, siku baada ya siku. Na Amino hubaki wengine wakiondoka. Na mkeka mdogo.

Sitalitaja. Kuna mtu wa tatu kwenye barua hizi, na kuna macho mengine, ya husuda, ambayo wewe na mimi tunayajua. Umefanya vizuri kunyamaza. Nami nilikuita upande lori! Lori, Shamis, siku nzima kwenye barabara ile. Kama ungenitii ningeishi vipi?

Sasa nasema kama dresa, si kama mume. Usibebe hata kopo. Maji ya bustani ayalete Nafiso au bustani ife. Miguu ikivimba, au kichwa kikikuuma usione vizuri, au ukiona damu hata tone, Amino akupeleke hospitali mchana huo huo, asingoje kafyu iwafungie. Kula ini ukilipata. Maziwa unajua mwenyewe.

Na mimi pia nilikuficha jambo. Si kazi nyingi zinazonizuia kuja. Kila siku jioni naripoti kituo cha polisi nikatie sahihi, kwa kuwa mimi ni Msomali wa Garissa, na siruhusiwi kutoka nje ya mji huu. Nilikuita kwa sababu mimi siwezi kuja. Niliona aibu kukwambia kwamba mumeo anayewafunga watu vidonda asubuhi, jioni anahesabiwa kama mbuzi.

Kipande chako cha mtambazi kilifika kimekauka kama uzi. Nimekiweka majini.

Kulow wako


Galbet
3 Oktoba 1966

Kulow,

Umechelewa kwa mtu wa hospitali. Nafiso, ambaye hajui hata kusoma chupa ya dawa, alijua mwezi wa Mei.

Sasa kwa kuwa umesema wewe, nami niseme kidogo. Mara mbili zilizopita tulifurahi mapema, mbele za watu, na mara mbili watu walewale wakaja kutupa pole. Sikuweza tena kuandika neno lile kwenye karatasi itakayofunguliwa na mwanamume nisiyemjua. Nilipokuandikia kwamba bustani hainiruhusu, sikuwa nikidanganya sana. Amino aliniambia mwezi wa Mei, "Kama unataka huyu, lala. Lala kwa kivuli, mbaka mwisho." Na kivuli kizuri mji mzima kiko kwetu, kwa sababu ya mwanamume aliyefuga majani. Ningelala wapi pengine, Kulow? Ndani ni tanuri. Nje ni vumbi na buti. Wewe ulinitandikia mahali hapa miaka mitatu kabla sijapahitaji, nami nilikucheka.

Naogopa. Hili naliandika wazi, na anayefungua barua alisome. Naogopa kila nikijigeuza. Mchana naangalia matumbo ya majani na kusema nayo, maana na Mungu nimesema mpaka naona haya.

Usione aibu kwangu kwa kituo cha polisi. Anayehesabiwa kila jioni, basi kila jioni najua yuko hai. Mimi huku huhesabiwa na Amino.

Mkeka umebaki pembe moja.

Shamis


Nyeri
12 Novemba 1966

Shamis wangu,

Tangu barua yako ya tarehe tatu sijapata neno. Wanasema mvua imekata barabara na malori yamesimama upande huu wa matope. Nimeomba kibali nikakataliwa. Nimeomba tena. Yule sajini wa kituoni sasa ananiona tu kabla sijafungua mdomo, anatikisa kichwa.

Lakini nikwambie jambo. Bahasha yako ya Oktoba nilikuwa naigeuza geuza kama mtu anayetafuta sukari iliyobaki kikombeni, nikaona upande wa nyuma, pembeni, maneno madogo ya penseli. Si mwandiko wako. Yameandikwa: "Mama hajambo. Bado amelala." Hakuna jina. Nimekaa nayo siku nyingi. Nadhani ni mtu wetu wa tatu. Sikujua mtu anaweza kumpenda hivi mwanamume anayemfungulia mke wake barua.

Mtambazi umetoa mzizi. Ulikaa majini wiki tatu kama kitu kilichokufa, kisha nyuzi nyeupe zikaonekana. Sasa uko kwenye kopo la mafuta ya kupikia, dirishani kwangu, una majani manne. Nikirudi kutoka kituoni nalala sakafuni, hapo chini ya dirisha, na kuutazama kutoka chini. Mzee mwenye nyumba aliniingilia juzi akadhani nimeanguka. Nikamwambia nasoma barua ya mke wangu. Akafunga mlango taratibu.

Wiki hii namkumbuka sana mama yangu, Arbia, Mungu amrehemu. Nakutajia tu jina lake. Fanya nalo utakavyo, au usifanye nalo lolote. Chochote kitakachokuwa, Shamis, ninachotaka kwanza ni wewe kuwa hai.

Kulow


Galbet
29 Novemba 1966

Kulow,

Arbia anakusalimu mara tatu, kwa sauti kubwa, na amemwamsha mbuzi wa Nafiso.

Binti yako ana siku saba leo. Nalisema waziwazi, alisome atakaye. Amezaliwa mzima, mchana, mvua ikinyesha, Amino akiniita majina yote mabaya anayoyajua kwa lugha tatu. Maalim amemwadhinia sikioni kwa niaba yako. Sauti yake ilitetemeka, akasema ni mafua. Leo wamechinja mbuzi, Nafiso alimtoa mwenyewe bila kuombwa, akaniambia, "Abbaayo, kumbe yalikuwa yanazaa." Masikio ni yako. Hasira ni za baba yangu. Amelazwa kwenye mkeka wa hig zako, na mkeka unamtosha barabara.

Barabara ilifunguliwa jana, ndiyo maana barua yako imefika pamoja na sukari.

Na wewe mkubwa unayeifungua hii kabla ya mume wangu: kitunguu kimetoka. Ulikipanda kichwa chini, kwa hiyo shina limetoka upande, limejipinda kabla ya kupanda juu, lakini ua ni lile lile. Amino anasema ukipita tena utapewa chai, ila uje bila vijana.

Kulow, leo Amino ameniruhusu kusimama kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Nilishika mlango kwanza, kisha nikatembea mpaka kwenye jiwe la kutawadhia. Nikageuka kuiangalia bustani. Nikashangaa. Kutoka juu ni kijani tu na mistari ya fedha, kitu ambacho mpita njia angekiangalia mara moja akaendelea na safari. Hakuna zambarau. Chura haonekani. Njia ya sisimizi sikuiona kabisa. Nilisikia kama nimepoteza mahali nilipoishi, nikalia, na Amino akadhani naumwa.

Basi nikarudi nikalala. Nimemweka Arbia kifuani, majani yako yakiwa juu ya vichwa vyetu, na nikamwonyesha kila kitu nilichokuandikia. Macho yake bado hayaoni mbali, lakini zambarau iko karibu.

Siku watakapokupa kibali, mwezi ujao au mwaka ujao, usisimame mlangoni ukiita. Vua viatu, inama, njoo ulale chini nasi, uione bustani yako.

Shamis